Sur, Mji wa Majahazi: Yaliyo Wazi kwa Mgeni na Yaliyofunikwa

Mji wa Sur uko kwenye pembe ya mashariki ya Oman, kiasi cha kilomita 200 kutoka Muscat ukifuata njia ya pwani, kabla Bara Arabu halijajipinda pale Ras al-Hadd. Ni mji wa wavuvi na wa mafundi wa majahazi. Msomaji wetu aliyekulia Unguja, Pemba, Mombasa au Lamu, au aliyelelewa na waliokulia huko, huenda hajawahi kuukanyaga, lakini jina lake analo masikioni tangu utotoni: majahazi ya Wasuri, papa wa Wasuri, nahodha Msuri aliyekuwa rafiki wa babu. Na katika nyumba nyingine jina hilo lilitajwa kwa sauti ya chini, kwa habari za watoto waliotakiwa kukaa ndani mara majahazi ya kaskazini yakishatia nanga.

Siku hizi Sur imo katika safari ya kila mgeni anayeizunguka Oman. Anaonyeshwa jahazi kubwa lililowekwa nchi kavu, ngome juu ya kilima, kasa wa Ras al-Jinz wakitaga usiku, na njiani magofu ya Qalhat. Vyote vinastahili kuonwa, nami nitampitisha msomaji humo humo. Lakini kwetu sisi Sur ina jambo jingine. Wako katika wazee wetu waliopanda jahazi la Msuri kwa hiari yao, wakitafuta riziki. Wako waliopakiwa humo kwa nguvu. Na wako waliorudi Uarabuni kwa majahazi wakiwa hawana kitu mkononi. Mara nyingi damu hizo tatu zimekutana katika familia moja, na maelezo ambayo mgeni hupewa kwa kawaida hayamtaji ila yule wa kwanza.

Tuanze na maji, maana mji wenyewe ulianzia hapo. Bahari imepenya nchi kavu kwa mlango mwembamba, ikafanya hori pana lenye kina cha kutosha jahazi kuingia maji yakijaa na kukaa salama. Ndilo Khawr al-Batah. (Neno letu “hori” na hilo “khawr” la Kiarabu ni neno moja, wasafiri wa baharini walilileta pwani yetu kama walivyoleta mengi.) Upande mmoja wa mlango ni Sur yenyewe, na ng'ambo ni Ayjah, yenye nyumba nyeupe na mnara wa taa. Sur ilikuwa zaidi ya Majanaba, na Ayjah ya Bani Bu Ali, makabila mawili ambayo historia yao ya ujirani ina mapatano na ina ugomvi. Kabla ya kujengwa daraja la kuning'inia linaloonekana leo, mtu wa Ayjah alivuka kwa mashua, au alizunguka hori lote kwa miguu. Mitende na visima vya maji matamu viko ndani zaidi, Bilad Sur, ambako nako kuna ngome yake. Mji wa pwani ulikuwa wa mchanga, samaki na mbao.

Ngome ya Sunaysilah iko juu ya kilima nyuma ya mji. Ina umbo la mraba, na minara kwenye pembe zake. Mgeni hupanda kupiga picha ya bahari, lakini ajigeuze pia aitazame bara, kwa kuwa hatari ya mji huu haikutoka baharini peke yake. Mwaka 1820 Sayyid Said bin Sultan, yule yule ambaye baadaye alihamia Unguja, alikwenda pamoja na kikosi cha Waingereza kuwapiga Bani Bu Ali wa bara. Walishindwa vibaya, na yeye mwenyewe akajeruhiwa mkono. Mwaka uliofuata jeshi kubwa zaidi chini ya Jenerali Lionel Smith lilishuka pwani ya Sur, likaenda na kuuvunja mji wa Bani Bu Ali. Anayefikiri kwamba enzi ya Busaidi ilitulia Oman ndipo ikavuka kwenda Afrika, safari ya 1820 inatosha kumwonyesha kwamba Sayyid aliiacha nyuma nchi isiyotawalika kwa urahisi, na Sur ilikuwa miongoni mwa sehemu zake ngumu kabisa.

Kabla ya Sur kuwa kitu kikubwa, bandari ya pwani hii ilikuwa Qalhat, kiasi cha kilomita 20 kaskazini-magharibi. Hapa pana kisa kinachotuhusu zaidi ya wageni wengine wote. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, akauona mji na akamsifu sultani wake, al-Hasan bin Sulaiman, kwa ukarimu. Kutoka Kilwa alisafiri kwa bahari mpaka Dhofar, na baada ya kukaa huko akapanda chombo kinachokwenda Oman. Chombo kilipotia nanga Sur, ambayo yeye anaieleza kuwa ni kijiji kikubwa tu cha pwani, aliiona Qalhat juu ya mteremko wa mlima akadhani iko karibu. Alikwishachoshwa na wenzake wa chomboni, akaamua kwenda kwa miguu pamoja na mwenzake wa Kihindi, akamkodi baharia mmoja kuwa kiongozi wa njia.

Jua lilikuwa kali na maji yakawaishia. Kiongozi naye akaonyesha kwamba haja yake ni nguo zao: alitaka kuwavusha mahali penye maji marefu wazame, aondoke na mzigo. Ibn Battuta alishika mkuki akawa macho usiku mzima. Walipofika mlango wa Qalhat miguu yake ilikuwa imevimba hata karibu damu itoke chini ya kucha, na mlinzi wa mlango akashikilia kwamba lazima aende kwa amiri kwanza. Alikaa siku sita hawezi kusimama vizuri. Pamoja na hayo, aliyoyaandika juu ya mji ni sifa: msikiti mzuri wenye kuta za vigae vya rangi, uliojengwa na mwanamke mcha Mungu aitwaye Bibi Maryam, na samaki ambaye anasema hajapata kula mfano wake popote, akichomwa na kuliwa kwa wali wa mchele uliotoka India.

Anayekwenda leo kwa gari hupita njia hiyo hiyo kwa dakika chache. Afonso de Albuquerque na Wareno wake waliuteketeza mji mwaka 1508, na kilichobaki kusimama ni kaburi linaloitwa la Bibi Maryam, jengo la mraba ambalo kuba lake limeanguka. Mawe mengine yamelala chini kama yalivyoanguka. Qalhat iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2018. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yamo tangu 1981. Miji hiyo ilifanya biashara katika bahari moja na katika zama moja, na mtu mmoja aliiona Kilwa na Qalhat katika safari zinazofuatana akatuandikia. Sijui jozi nyingine ya magofu ambayo mtoto wa Kiswahili anayekulia Muscat angefaa kuonyeshwa pamoja zaidi ya hii.

Baada ya Qalhat kuanguka, biashara ilihamia taratibu kwenye hori la Sur. Katika karne ya 19 mji ulikuwa na majahazi mengi ya safari za mbali, na jahazi lililojulikana zaidi kuwa la Wasuri ni ghanja. Alijuaye ghanja hakosei akiliona kwa mbali: gubeti lake lina kichwa kilichochongwa mfano wa jani lenye ncha tatu, na shetri yake nyuma imepambwa kwa nakshi kama mlango wa nyumba ya Mji Mkongwe. Mbao ni za msaji kutoka Malabar. Fundi hakuwa na mchoro wa karatasi. Alilaza mkuku, akapandisha mbao za ubavu kwa kukadiria kwa jicho, ndipo akayaingiza mataruma ndani yake, kinyume cha mafundi wa Ulaya wanaoanza na mifupa kisha ngozi. Kalafati iliziba mianya, sifa ya ini la papa ikapakwa juu, na deheni ya chokaa na mafuta chini ya mstari wa maji. Maneno haya yote msomaji wa Lamu au Unguja anayajua bila kufasiriwa.

Mwaka wa Msuri ulipangwa na pepo. Joto kali likipungua, majahazi yalipanda Basra kuchukua tende. Kaskazi ikianza kuvuma yalishuka Aden, pwani ya Wasomali, Lamu, Mombasa, Unguja, na mengine yakaendelea mpaka Ngazija na Bukini. Yalipakia tende, chumvi na papa mkavu, yule ambaye harufu yake ilifika Malindi ya Unguja kabla ya jahazi lenyewe. Miezi miwili au mitatu nahodha alifanya biashara na kungoja upepo ugeuke. Kusi ikianza, mwezi wa Aprili au Mei, yalirudi kabla bahari haijachafuka, na kuanzia Juni mpaka Agosti mji ulikaa na vyombo vyake vimepandishwa mchangani.

Shehena ya kurudia inayofaa kukumbukwa ni boriti. Mikoko ya delta ya Rufiji ilikatwa matopeni, katikati ya mbu, ikafungwa mafungu na kupakiwa mpaka jahazi likazama karibu na ukingo. Alan Villiers, baharia wa Australia aliyesafiri na jahazi la Kuwait katika msimu wa 1938 na 1939, ameieleza kazi hiyo ya Rufiji kwa urefu, na hakuna anayesoma akaitamani. Huku Uarabuni miti ya kujengea ilikuwa haba, kwa hiyo dari za nyumba za zamani, kuanzia Sur mpaka Kuwait, zimeshikwa na boriti za Afrika. Urefu wa boriti ndio uliokata upana wa chumba, kule kwetu na huku. Ndiyo maana mtu wa Lamu akiingia katika nyumba ya zamani ya Ayjah, chumba chembamba kirefu chenye kuta nene, huhisi kwamba amewahi kukaa humo.

Na hapa inatupasa tuseme lile ambalo mabango ya wageni hulipita kwa haraka. Majahazi yale yale yalibeba watu.

Biashara ya watumwa haikuwa ya Wasuri peke yao. Ilikuwa na wenye mashamba wa Unguja na Pemba, wenye mitaji wa Kihindi, machifu na wafanyabiashara wa bara, na wanunuzi wa Oman na Ghuba waliotaka watu wa kuzamia lulu na wa kulima mitende. Lakini kipande cha baharini, kutoka pwani yetu kwenda Uarabuni, Wasuri walikuwa na sehemu kubwa ndani yake, na waliendelea nacho baada ya wengine kuacha. Mkataba wa 1845 baina ya Sayyid Said na Waingereza ulipiga marufuku kuwasafirisha watumwa kutoka milki yake ya Afrika kwenda Uarabuni. Ule wa Juni 1873, uliotiwa saini na Sayyid Barghash, ulifunga soko la Unguja na kukataza kuwasafirisha kwa bahari kabisa. Soko lilifungwa, lakini bei huku ilipanda, na njia ya siri ikawa na faida kuliko ile ya wazi.

Richard Burton, aliyekuwa Unguja mwaka 1856 na 1857, ameandika juu ya hofu ya mji wakati wa kaskazi, Waarabu wa kaskazini wanapojaa na watu, watoto zaidi, wanaibwa. Burton hakumpenda mtu yeyote katika kitabu chake, basi asomwe kwa tahadhari. Lakini yanayosimuliwa na wazee wetu na aliyoyaandika yeye yanaelekea upande mmoja, na sioni sababu ya kuyakataa kwa kuwa tu yametoka kwa Mzungu mwenye ulimi mkali.

Manowari za Waingereza zilikuwa zikisimamisha majahazi na kuyapekua, na yaliyokutwa na watumwa, mara nyingine hata yasiyokutwa nao, yalichomwa moto. Njia ya kukwepa ilipatikana. Ufaransa haikukubali manowari za taifa jingine zipekue vyombo vyenye bendera yake. Msuri aliyepata kijumba au kiwanja katika milki ya Wafaransa, Obock, Mayotte au Nossi-Bé, aliweza kupewa hati na bendera ya rangi tatu. Akiwa na bendera hiyo aliyapita manowari ya Waingereza yakimtazama tu. Wako waliokuwa na biashara halali na walitaka tu kuokoka na usumbufu wa upekuzi. Hilo ni kweli na lazima lisemwe. Lakini haikuwa siri kwa yeyote, Unguja wala Muscat, kwamba chini ya bendera hiyo walipita pia watu waliofungwa. Desemba 1881 Kapteni Charles Brownrigg, mkuu wa manowari ya London iliyokaa Unguja, aliuawa karibu na Pemba alipolikaribia jahazi la watumwa lililopeperusha bendera ya Ufaransa.

Kwa Sultan Faisal bin Turki wa Muscat, aliyetawala kuanzia 1888 mpaka 1913, bendera hizo zilikuwa mwiba. Raia wake wa Sur walimwambia, kwa maana hasa, kwamba wao baharini si raia wake. Mwaka 1900 alikwenda Sur mwenyewe pamoja na Percy Cox, mwakilishi wa Uingereza, ili wenye majahazi waziache hati za Kifaransa. Ufaransa ililalamika. Mwaka 1902 Wareno waliyanasa majahazi ya Wasuri katika ghuba ya Samuco, Msumbiji, wakakamata zaidi ya watu 100 na kuwakuta nao watumwa zaidi ya 700. Baada ya hapo hakuna aliyeweza kudai kwamba mambo hayo ni ya zamani za babu.

Mwishowe Uingereza na Ufaransa zilipeleka shauri mbele ya mahakama ya usuluhishi ya The Hague, nalo linajulikana kwa wanasheria mpaka leo kuwa kesi ya majahazi ya Muscat. Waamuzi walikuwa watatu: Melville Fuller, jaji mkuu wa Marekani, Savornin Lohman wa Uholanzi, na Heinrich Lammasch wa Austria. Hukumu ilitolewa tarehe 8 Agosti 1905. Ilisema kwamba kabla ya 2 Januari 1892, siku Ufaransa ilipoukubali Mkataba wa Brussels dhidi ya biashara ya watumwa, Ufaransa ilikuwa na haki ya kuwapa bendera raia wa Sultani kwa sheria zake yenyewe. Baada ya siku hiyo isingeweza kuwapa ila wale walio chini ya himaya yake kwa maana halisi ya neno. Waliokwisha kupewa waendelee nayo, lakini haki hiyo ni ya mtu mwenyewe, haiuzwi wala haihamishwi kwa mwingine.

Hivyo bendera hazikunyang'anywa. Ziliachwa zife na wenyewe, mmoja baada ya mwingine. Mimi huiona hukumu hiyo kuwa mwisho wa Sur ya zamani kuliko meli za moshi ambazo vitabu hupenda kuzitaja. Meli za moshi ziliwapunguzia Wasuri shehena. Hukumu ya The Hague iliwaambia kwamba bahari nayo ina mwenyewe, na si wao. Ajabu ni kwamba katika kisa hiki chote, mabalozi, masultani, manahodha na majaji wana majina. Wale zaidi ya 700 wa Samuco hawana hata mmoja.

Karne ya 20 haikuua safari za majahazi mara moja. Kila kaskazi yaliendelea kuonekana Mombasa na Unguja mpaka baada ya Vita Vikuu vya Pili, yakiwa na mazulia, tende, halua, na abiria waliolala juu ya sitaha. Vijana wengi wa Sharqiya walikuja kwetu hivyo, kila mmoja na bunda lake la nguo na jina la jamaa wa kumtafuta, wakaanza kwa kuuza duka la kona huko shamba. Watu wa Unguja waliwaita Wamanga. Wako waliooa huko na wasirudi tena. Manahodha walijua Kiswahili, na baadhi yao walikuwa na nyumba mbili katika bandari mbili. Kisha ikaja Januari 1964. Baada ya Mapinduzi ya Unguja, maelfu ya Waarabu waliosalimika waliwekwa kambini, na wengi wao wakapakiwa majahazini kurudishwa Uarabuni. Bahari ambayo baba zao waliivuka kutafuta maisha, wao waliivuka kwa ajili ya kusalimika tu, na nchi waliyofikia ilikuwa bado maskini. Ilikuwa baada ya Julai 1970, Sultan Qaboos aliposhika utawala na kuwaita Waomani walio nje warudi, ndipo wengi walipopata pa kukaa kwa heshima.

Sur yenyewe wakati huo ilikuwa imelala. Majahazi yake makubwa yaliuzwa Yemen na kwingineko, au yaliachwa yaoze horini. Mambo mawili yaliuamsha mji kuitazama kazi yake kuwa ni urithi. La kwanza ni mwaka 1980, Tim Severin alipoundiwa Sur jahazi la kushonwa, bila msumari hata mmoja, kwa msaada wa Sultan Qaboos. Kamba zilikuwa za makumbi ya nazi, na washonaji waliletwa kutoka visiwa vya India, maana ufundi huo Oman ulikuwa karibu kutoweka. Mtu wa Lamu hana haja ya kuelezwa zaidi. Mtepe wetu ulishonwa vivyo hivyo. Jahazi hilo, Sohar, lilifika Canton, China, mwaka 1981, na sasa limewekwa katikati ya mzunguko wa barabara mjini Muscat. La pili ni Fatah al-Khair, ghanja lililoundwa Sur mwaka 1951 na kuuzwa baadaye. Mwaka 1993 watu wa Sur walichangishana fedha, wakalinunua huko Yemen na kulirudisha nyumbani. Ndilo jahazi linaloonyeshwa leo ukingoni mwa hori. Mji wa wavuvi kuchangishana kununua jahazi kuukuu, ambalo halitavua samaki wala kubeba tende, ni jambo ninaloliheshimu sana.

Anayetaka kwenda, achague miezi ya Novemba mpaka Machi, jua lisipokuwa kali. Aanze alfajiri sokoni, wavuvi wanapopandisha jodari, nguru na papa, kisha aende karakana za majahazi, ambako kazi bado inaendelea ingawa ni kidogo kuliko zamani, na wengi wa mafundi siku hizi ni Wahindi. Kimbunga Gonu cha Juni 2007 kiliipiga pwani hii vibaya, na mengi ya zamani yalikwenda na maji. Fatah al-Khair aliangalie kutoka nyuma, penye nakshi, asiridhike na picha ya mbele. Kisha avuke daraja kwenda Ayjah kwa miguu, apite vichochoroni mwenyewe bila kiongozi. Milango ya kuchongwa iko, mingine imebanduliwa rangi, mingine imeng'olewa na kuuzwa. Penye nyumba iliyoanguka atazame juu ya ukuta: vipande vya boriti bado vimo katika matundu yao.

Ras al-Jinz ni safari isiyofika saa moja kwa gari kutoka mjini. Ni hifadhi tangu 1996, na wageni hupelekwa ufukoni usiku au alfajiri kwa makundi, bila taa wala kelele. Wanaotaga hapo ni kasa, wale tunaowajua kwetu kwa jina hilo hilo, si ng'amba, na huwa wengi zaidi katika miezi ya joto, ambayo ndiyo miezi mibaya kwa mtalii. Wachimbaji wa mambo ya kale wamepata hapo hapo vipande vya lami vyenye alama za matete na kamba, mabaki ya vyombo vya bahari vya zaidi ya miaka 4,000 iliyopita, vilivyosafiri baina ya Oman na India. Hivyo Wasuri si wa kwanza kusafiri kutoka pwani hii, ni wa karibuni tu.

Na ikitokea harusi au sikukuu, usiondoke. Sur ina ngoma zake, fann al-midan na lewa miongoni mwake, na katika lewa hutamsikia Mwarabu wa kitabuni. Ngoma kubwa inaitwa msondo, ndogo chapuo, zumari inalia juu yake, na maneno ya Kiswahili yanapita katika wimbo, mengine yakiwa yamechakaa hata waimbaji wenyewe hawawezi kuyafasiri. Hao ndio wajukuu wa waliovushwa bila kutajwa majina, na wa mabaharia pia, maana zamani hizo damu haikuulizwa cheti. Sijaona bango mjini linalosema msondo ulifikaje Sur, na mahali pa kuliweka pako, hapo hapo kando ya Fatah al-Khair.

Kuna jambo lingine ambalo haliwezi kungoja bango. Manahodha waliandika rahmani, madaftari ya njia, nyota na bandari, na familia zao bado zinayo baadhi, kama ambavyo familia zetu zina barua, hati za kusafiria na picha zilizopigwa Unguja kabla ya 1964. Aliye nazo azinakili. Vijana waliofanya kazi majahazini miaka ya mwisho ya safari hizo sasa wana umri wa miaka 80 na zaidi. Wengine hukaa barazani Ayjah baada ya sala ya Alasiri, wakiitazama hori. Wasalimie kwa Kiswahili; wako watakaokuitikia, na watakaotaka kwanza kujua wewe ni mtoto wa nani, na wa mtaa gani.